Kuzuia itikadi kali mtaani: mwongozo kamili kwa kamati za Lubumbashi

Jumamosi ya tarehe 23 Machi 2013, kundi la waasi la Mai-Mai Bakata Katanga, linalotaka Katanga ijitenge na Kongo, liliingia Lubumbashi kwa miguu, hirizi shingoni, likapandisha bendera ya Katanga katikati ya mji. Kabla ya jioni watu makumi walikuwa wamekufa, na wapiganaji waliosalia wakakimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa kujisalimisha. Septemba 2020 na tena Februari 2021 mji ulisikia risasi za namna hiyo hiyo. Kila mara watu huuliza wanajeshi walikuwa wapi. Mimi huuliza jambo lingine: vijana wale, miezi sita kabla, nani alikuwa anaongea nao?

Ninaandika kwa ajili ya chefu wa kartiye (mkuu wa mtaa), pasta, imamu, mwalimu, mama wa soko au kiongozi wa motari (waendesha pikipiki za abiria) anayetaka kuanzisha kamati ya mtaa wake na hajui aanzie wapi. Nimekaa kwenye kamati ya namna hiyo katika komuni ya Katuba, hapa Lubumbashi. Ninayoyasema hapa mengine tuliyafanya vizuri, na moja tulilikosea vibaya sana.

Jueni kwanza mnapambana na nini

Wengi hapa wakisikia "itikadi kali" wanawaza msikiti. Hilo liondoeni kichwani kabla ya kikao cha kwanza. Ni kweli, kule Beni, mashariki mwa Kongo, kundi la waasi la ADF, lililozaliwa Uganda mwaka 1995 na kuhamia misitu yetu, linaua kwa jina la dini, na tangu 2019 Dola la Kiislamu limekuwa likijitangaza kuwa ndilo linalofanya mashambulizi yake. Lakini Mei 2021, mjini Beni, imamu aliyekuwa akilikemea kundi hilo alipigwa risasi ndani ya msikiti. Kamati inayoanza kazi kwa kuwashuku Waislamu wa mtaa wake inampoteza mtu ambaye angekuwa wa kwanza kuiambia hatari imekaribia.

Kisha tazameni Kasai. Kundi la Kamuina Nsapu lilianza na ugomvi wa chifu wa kimila na serikali juu ya kutambuliwa kwake. Chifu aliuawa Agosti 2016. Baada ya hapo watoto walinyweshwa dawa, wakafungwa vitambaa vyekundu, wakaambiwa risasi haitawapata. Watu zaidi ya milioni moja walikimbia makwao. Hapakuhitajika aya ya kitabu chochote kitakatifu.

Na sisi wenyewe Katanga tuna historia yetu. Miaka ya 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu na maelfu, wakalala wiki na miezi kwenye vituo vya Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Kabla ya hapo walikuwa wameitwa bilulu, yaani wadudu. Mkisikia mtu anaitwa mdudu mtaani kwenu, kazi ya kamati imeshaanza, hata kama hakuna aliyeshika panga.

Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, liliwahoji watu waliojiunga na makundi haya sehemu mbalimbali za Afrika. Ripoti yake ya 2017 ilieleza kwamba kati ya waliojiunga kwa hiari, asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndicho kilichowasukuma hatua ya mwisho. Ripoti ya 2023, iliyogusa nchi 8, ilikuta robo ya waliojiunga kwa hiari wakisema walitafuta kazi kwanza, na asilimia 17 tu wakataja dini. Zisomeni namba hizi kwa sauti kwenye kikao chenu cha kwanza. Anayemwita kijana porini hamletei hasira mpya. Anaikuta ipo, anaipa jina na bunduki. Kamati ikiweza kuishughulikia hasira hiyo kabla yake, imefanya kazi yake. Ikishindwa, semina mia hazitasaidia.

Hatua ya 1: Sikilizeni wiki 4 kabla ya kuitisha mkutano

Kamati nyingi huanza na semina, chupa za maji na picha ya pamoja. Anzeni kwa kutembea. Chagueni watu 4, waende wawili wawili pale vijana wanapokaa: parkingi ya motari, penye munkoyo (kinywaji cha mahindi), kiwanja cha mpira, foleni ya maji, depo ya makala (mkaa). Waende mchana na waende jioni, kwa sababu wanaokaa pale jioni si wale wa mchana.

Msibebe daftari. Sisi tulibeba, na kijana mmoja wa motari alituuliza, "Yaya (yaani mkubwa wangu), muko naandika nini mu kaye (daftari)?" Akawasha pikipiki yake akaondoka, na wenzake wote wakamfuata. Tulibaki na kalamu mkononi. Andikeni usiku nyumbani, bila jina la mtu.

Ulizeni maswali matatu, kwa maneno ya kawaida: mara ya mwisho ulipoonewa ilikuwa wapi? Ulienda kumwambia nani? Alikufanyia nini? Msiulize wanaonaje kundi fulani. Mtapata uongo au hofu.

Sisi tulidhani tutasikia habari za Katanga na Kasai. Tulichosikia zaidi ni pikipiki zinazoshikwa njiani na kuachiwa kwa pesa bila risiti, na vijana wanaoulizwa kabila baada ya jina lao kusomwa kwenye kadi ya uchaguzi. Suala la kabila lilikuwemo, ila lilikuwa limejificha ndani ya mambo hayo. Hata neno wewa, ambalo kwa Kitshiluba ni "wewe" tu na mjini limekuwa jina la motari, kwa mdomo mmoja ni kazi na kwa mwingine ni tusi. Mtayajua hayo kwa kukaa pale, si kwa kutuma fomu.

Hatua ya 2: Undeni kamati ya watu 11

Kumi na moja wanatosha. Wakizidi hapo vikao vinageuka hotuba. Awemo chefu wa kartiye, lakini asiwe mwenyekiti. Kijana hawezi kulalamika juu ya barua aliyonyimwa mbele ya mtu aliyemnyima, tena akiwa ndiye anayeongoza kikao. Wawemo pasta na imamu, motari wawili, mwalimu, mzee wa mila, mtu wa redio kama yupo, na kati ya wote hao wanawake wasipungue 4.

Juu ya wanawake nitasimama kidogo. Azimio la 1325 la Baraza la Usalama, la mwaka 2000, limewapa nafasi kwenye meza ya amani, na lile la 2250 la 2015 limewapa vijana. Lakini sababu yangu ni ya karibu zaidi. Mama anayeuza mikate asubuhi kwenye kona anamwona kila anayepita saa kumi na mbili alfajiri: nani ametoka na begi, nani ameacha kulipa deni lake dogo kwa sababu haonekani tena, nani ghafla ananunua kwa ajili ya wageni watano. Anajua mtaa kuliko ofisi yoyote. Mkimwita awapikie wajumbe badala ya kukaa nao mezani, mmeyatupa yote anayoyajua.

Mwenye cheo cha chama cha siasa asiingie. Na kama mtaa una watu wa asili ya Katanga na wa Kasai, mwenyekiti na katibu wasitoke upande mmoja.

Hatua ya 3: Kubalianeni nini kinabaki ndani na nini kinatoka

Hapa ndipo kamati zinapofia, na yetu nusura ife.

Mwaka wetu wa kwanza, ofisi moja ya usalama, ambayo sitaitaja, ilituomba orodha ya vijana "wanaoelekea kubaya". Tulitoa majina 9 kwa nia njema. Usiku wa tatu wakachukuliwa. Walirudi baada ya siku kadhaa, wengine wakiwa wameumizwa. Asubuhi mama wa mmoja wao alikuja kwangu na sahani yake ya mikate, akaiweka chini mlangoni, akasema, "Yaya, mwanangu nilikuletea wewe." Hakusema neno la pili. Kwa miezi mingi hakuna mzazi aliyetuletea habari ya mtoto wake, na nilijua kwa nini.

Tangu hapo tunatumia ngazi tatu, na ninawaomba mzichukue kama zilivyo.

Ngazi ya kwanza ni maneno na hasira. Kijana anatukana serikali, anasifu wapiganaji, anasambaza nyimbo zao. Hilo linabaki kwa familia na mjumbe mmoja tu. Haliandikwi. Hasira si kosa la jinai.

Ngazi ya pili ni dalili mbili au zaidi kwa pamoja: ameuza simu au pikipiki ghafla, halali nyumbani, amechanjwa chale mpya, anawaaga wadogo zake, anaongea usiku na mtu wa mbali asiyejulikana na yeyote. Hapo wanakaa naye watu watatu: mzazi, mtu mmoja anayemheshimu, na ikiwezekana mtu aliyewahi kupitia njia hiyo akarudi. Wakae kwake, si ofisini, na wakae baada ya chakula. Msianze na "umekosea". Sisi tumezoea kuanza hivi: "Mwanangu, tumesikia unasafiri. Ukienda, mama yako atabaki na nani? Na hao wanaokuita, wamekupa nauli ya kurudi?" Swali la nauli ya kurudi limefungua midomo mingi kuliko mahubiri yote. Kijana hunyamaza, kisha huanza kueleza ameahidiwa nini, na ahadi hiyo ndiyo inayowaonyesha anachokikosa.

Ngazi ya tatu ni silaha, tarehe na mahali pa shambulio, au mtu anayekusanya watoto. Hilo linapelekwa polisi saa hiyo hiyo, na wajumbe wawili, kwa mdomo. Kuhusu watoto hakuna mjadala: sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kuwaingiza katika jeshi au kundi lolote lenye silaha, na mtoto aliyeingizwa ni wa kulindwa.

Ngazi hizi zitangazwe wazi kanisani, msikitini na parkingini. Kijana ajue mapema ni kitu gani kitapelekwa polisi na ni kitu gani hakitapelekwa.

Hatua ya 4: Andikianeni na polisi ukurasa mmoja

Msikwepe polisi. Bukavu, Matadi na Kananga zilijaribu polisi wa ujirani miaka kabla yetu, wananchi wakakaa meza moja na makamanda kueleza kinachowatisha, na wazo hilo bado lina maana. Andikeni ukurasa mmoja, uwe na sahihi, wenye mambo manne: jina la ofisa mmoja atakayepokea habari, kwamba hakuna mtu atakayekamatwa akienda au akitoka kwenye kikao, kwamba kamati haitoi orodha, na kwamba kila mwezi polisi watajibu malalamiko matatu waliyoletewa.

Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote. Mlete lalamiko dogo lenye ushahidi, kwa mfano pikipiki iliyoshikwa mahali fulani siku fulani. Ikirudishwa, motari mia watasikia kabla ya jua kuzama, na kamati itakuwa imepata heshima ambayo hakuna bango linaloweza kuinunua.

Hatua ya 5: Uvumi ujibiwe kabla haujalala

Sauti za WhatsApp ndizo zinazobeba sumu siku hizi. Kila mara ni mtu anayepumua kwa haraka, anasema "wamefika", "wametuua", bila kusema wapi. Teueni wajumbe wawili wenye simu yenye salio siku zote. Sauti ikija, mmoja anapiga simu kwa mtu aliye mahali panapotajwa, mwingine anawaarifu viongozi wa parkingi kwamba inachunguzwa. Jibu litoke kwa sauti pia, na liwe kwa Kiswahili na Kitshiluba, litolewe na watu wawili wa asili mbili tofauti. Maandishi marefu kwa Kifaransa hayasomwi na aliyeshika jiwe.

Msirudie uongo wenyewe mnapoukanusha. Semeni kilichotokea tu, mahali na saa.

Hatua ya 6: Kazi, lakini kwa njia ya likelemba

Kumfundisha kijana kushona au kuchomelea kisha kumwacha bila cherehani wala mashine kunamwongezea uchungu. Anzeni na likelemba, yaani mchango wa zamu, ya watu 12, waliochanganywa makusudi: Katanga na Kasai, mkristo na mwislamu. Wanachanga kila wiki na mmoja anachukua. Mtu anayengoja zamu yake kutoka kwa jirani wa kabila lingine ana sababu ya kumtaka jirani huyo awe hai na asifukuzwe. Kwetu hiyo ndiyo iliyoshika vizuri kuliko mradi wowote. Mkopo wa nje ukija baadaye upitie kundi hilo hilo, si kwa majina mapya yaliyotoka mezani kwa mtu.

Juu ya wafadhili nitasema kidogo tu: chukueni msaada, lakini mkataeni anayetaka majina ya vijana walio hatarini kwa ajili ya ripoti yake.

Hatua ya 7: Tokeni nje ya mtaa, kisha nje ya mpaka

Mtaa mmoja hauwezi peke yake, maana vijana, silaha na maneno haviishi mtaani. Anzeni na yaliyo karibu: kamati za komuni jirani za Lubumbashi, yaani Kenya (si nchi ya Kenya), Ruashi na Kampemba. Kisha njia ya wapiganaji, yaani Mitwaba, Manono na Pweto, eneo lililopewa jina la pembetatu ya kifo. Tafuteni huko mtu mmoja wa kanisa au wa mila mnayeweza kumpigia simu. Kisha Kasai: kamati rafiki Mbuji-Mayi au Kananga itawaambia nani anapanda treni kuja huku na kwa nini, na nyinyi mtawaambia ukweli wa maisha ya huku, maana huko watu husikia Lubumbashi kuna pesa tu.

Baada ya hapo nendeni Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Madereva wa malori kutoka Tanzania na Zambia wanalala pale kwa siku, na Kiswahili na Kibemba vinatosha kuongea nao wote. Muundo unaofaa ni mwepesi: watu 2 upande wetu na 2 upande wa Zambia, kutoka kwa wafanyabiashara wadogo na madereva, wanakutana mara moja kwa mwezi siku ya soko. Wanapeana mambo mawili tu, watoto wanaosafirishwa bila wazazi na uvumi wa chuki unaovuka mpaka. Habari za kijasusi waziachie serikali.

Mfano wa kuiga ninauona pwani ya nchi ya Kenya. Baada ya mkakati wa taifa wa 2016 wa kuzuia itikadi kali, kaunti ya Kwale ilitengeneza mpango wake mwenyewe mwaka 2017, serikali ya kaunti na asasi za raia zikiandika pamoja, na kaunti nyingine zikafuata. Mpango ulioandikwa na wenyeji unaweza kumbana kiongozi kwa ahadi aliyoitia sahihi. Mwombeni gavana wa mkoa wetu wa Haut-Katanga kitu kama hicho, na mpelekeeni rasimu yenu, si ombi tupu.

Mfano wa kuogopa ni Cabo Delgado, Msumbiji. Viongozi wa Kiislamu wa huko walikuwa wameshatoa tahadhari juu ya kundi la vijana kabla halijashambulia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Majeshi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, yalifika Julai 2021, karibu miaka minne baadaye, yakaondoka Julai 2024. Majirani walikuja vita vikiwa vimekomaa. Ushirikiano wa kanda ninaoutetea mimi ni ule wa kabla ya shambulio la kwanza, wakati imamu alikuwa bado anapiga hodi kwenye ofisi.

Mlango upo. Kongo ni mwanachama wa SADC tangu 1997, wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na wa Kongamano la Kimataifa la Maziwa Makuu, lenye makao Bujumbura na kituo chake cha demokrasia na utawala bora Lusaka, safari ya basi kutoka hapa. Andikeni barua ya ukurasa mmoja, kwa Kifaransa na Kiingereza, mkieleza mmefanya nini kwa mwaka mmoja na mnataka nini hasa: nafasi ya mtu mmoja kwenye mafunzo, au barua ya kuwatambulisha kwa wenzenu wa Zambia. Kamati isiyo na daftari la vikao isiandike bado.

Hatua ya 8: Pokeeni wanaorudi

Mpango wa taifa wa kupokonya silaha na kuwarudisha wapiganaji kwenye jamii, P-DDRCS, uliundwa Julai 2021. Yale ya silaha na karatasi yaacheni kwake. Kazi yenu ni nyumba atakayolala usiku wa kwanza na macho ya majirani asubuhi.

Msimrudishe kimya kimya. Wiki moja kabla, wajumbe wawili waende kwa kila familia iliyoumizwa na kundi lake, wawasikilize hadi mwisho, wasiwaombe kusamehe. Waulizeni tu ni nini hawawezi kukivumilia. Mmoja alituambia: asipite mbele ya mlango wangu kwa mwaka mmoja. Tukakubali, na kijana akawa anazunguka kwa barabara ya nyuma, na ndoo yake ya maji kichwani, akiongeza nusu saa kila siku. Katika mwezi wa tano tangu kijana arudi, yule baba alitoka mwenyewe akamngojea pale kwenye kona ya nyuma, akamwambia apite mbele, njia ni fupi.